"Zinaingiliana hizo, dada": dereila ya gia 10 kwenye baiskeli yangu ya gia 9

Nyota moja. Na hiyo moja naiandika huku damu ikinichemka, kwa hiyo mnivumilie.

Baiskeli yangu ni ya mlima, mtumba, kaseti ya nyuma (lile rundo la vigurudumu vya meno) ina sproketi 9, yaani vigurudumu 9, ndogo ina meno 11 na kubwa 32. Kila Jumamosi naipanda kutoka Himo kwenda Marangu kwa mama. Aliyewahi kuikanyaga barabara ile anajua kwamba bila zile sproketi kubwa za nyuma hufiki, utashuka na kusukuma. Sasa mvua za masika zilipokuwa zinaanza, bodaboda alinigonga kwa nyuma nikiwa nimesimama, dereila, kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine, ikapinda ikaingia kwenye spoku. Shifta, kile kibonyezo cha gia cha kwenye usukani, ilibaki nzima, kaseti nzima, cheni nzima. Nilihitaji kitu kimoja tu.

Nikaingia duka moja Moshi mjini, duka kubwa lenye vioo, nikiamini watu wa pale wanaijua kazi yao. Nikamwambia muuzaji waziwazi: shifta yangu ni ya gia 9. Hakutoka hata nje kuiangalia baiskeli. Akashusha boksi, ndani yake dereila mpya ya baiskeli za mlima, ya gia 10. Nikamuuliza, "Hii ni ya 10, yangu ni 9, itakubali?" Akajibu huku anaangalia simu yake: "Zinaingiliana hizo, dada. Zote ni Shimano," yaani kampuni moja ya vipuri. Shilingi elfu tisini. Fundi wao akaifunga, akazungusha pedeli hewani mara mbili, akasema tayari.

Jumamosi ile sitaisahau. Kwenye tambarare niliona gia zinachelewa, nikadhani waya mpya unajinyoosha. Kilima kilipoanza nikabonyeza shifta: cheni ikapanda nusu, ikakwaruza, ikarudi. Nikabonyeza tena, ikaruka. Nikaendelea mpaka shifta ikaisha kabisa, haibonyezeki tena, na cheni bado iko katikati ya kaseti. Sproketi tatu kubwa ziko pale nazitazama, hazifikiki. Nikasimama kwenye pedeli kwa nguvu zote, cheni ikateleza, goti likagonga usukani, nikaenda chini na mzigo wa mama. Sukari ikamwagika kwenye tope. Nilisukuma baiskeli njia yote iliyobaki, nalia kwa hasira na maumivu ya goti.

Jumatatu nikarudi dukani. Na hapa ndipo ilipo sababu ya kuandika haya yote, maana kosa la kifaa mtu unaweza kulisamehe. Nilimweleza yule muuzaji kilichotokea, taratibu kabisa. Akanisikiliza nusu, akatabasamu kwa wenzake, akasema: "Dereila haina tatizo, dada. Hizi gia za mlima wanawake huwa zinawasumbua kidogo. Mwambie shemeji aje nimwelekeze." Shemeji! Mimi ndiye ninayeendesha hiyo baiskeli, mimi ndiye niliyelipa, mimi ndiye mwenye goti lililovimba. Halafu akanyoosha kidole ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Fundi wao akakaza waya kidogo ili nionekane nimehudumiwa. Nilipoijaribu pale nje, cheni ilikuwa inafika juu zaidi kidogo, lakini sasa sproketi ndogo zote za chini zimepotea.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi, anafanyia kazi chini ya mwarobaini, hana boksi hata moja la kioo. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaketi mbele ya gurudumu langu akibonyeza shifta mara moja moja bila kusema neno. Kisha akatoa rula. Akapima waya unavutwa kiasi gani, akapima dereila inasogea kiasi gani, akaniandikia kwenye kipande cha boksi.

"Dereila haijui kuhesabu, binti," akaniambia. "Anayehesabu ni huyu wa mkononi."

Naomba mlisome hilo mara mbili, kwa sababu ndilo lililonigharimu elfu tisini. Shifta ndiyo yenye vituo 9 au 10. Dereila inafuata tu waya ulivyovutwa, inauzidisha kwa kiwango chake. Shifta yangu ya gia 9 inavuta waya kama milimita 2.5 kila inapobonyezwa. Dereila za Shimano za zamani, za gia 7, 8 na 9, huzidisha kama mara 1.7, unapata kama milimita 4.25, na umbali kati ya sproketi za kaseti ya 9 ni kama 4.35. Zinakutana. Ile niliyouziwa inazidisha kama mara 1.2 tu, unapata milimita 3. Kila hatua inapungukiwa zaidi ya milimita moja. Ukibonyeza mara nane, ambazo ndizo zote ulizo nazo, umeishia milimita 24 wakati ulitakiwa kusogea karibu 35. Ndizo zile sproketi tatu nilizokuwa nazitazama. Hakuna skrubu wala waya wa kukaza utakaotibu hesabu hiyo.

Na mzee akaingiza mkono kwenye debe lake, akatoa dereila kuukuu ya baiskeli ya mlima ya gia 8, imekwanguka rangi yote, yenye mkono mrefu. Nikasema, mzee, hii ni ya nane. Akacheka tu. Akaifunga. Kwenye stendi yake ya mbao cheni ilipanda sproketi zote tisa na kushuka zote tisa, mlio mmoja mmoja safi, tk, tk, tk. Alinitoza elfu kumi na tano. Ningeweza kumkumbatia.

Sasa niwe mkweli kuhusu ile dereila mpya, kwa sababu hapo mwanzo nilitaka kuiita takataka. Si takataka. Shimano walipoleta gia 10 za baiskeli za mlima mwaka 2010 walibadilisha kiwango hicho kwa makusudi: waya unavutwa mrefu zaidi kwa kila gia, hivyo uchafu na ulegevu kidogo wa waya haukuvurugi. Nilimpa mdogo wangu, yeye ana shifta ya mlima ya gia 10 na kaseti ya 10. Ameichafua kwa tope jekundu la huku kwetu mpaka haionekani, na bado inabadilisha vizuri kuliko yangu. Kama kifaa, kwenye mahali pake, ni nyota nne, hata nne na nusu.

Ila ndiyo maana nazidi kukasirika. Muuzaji wa vipuri anatakiwa kulijua hili, kwa sababu namba ya kwenye boksi hudanganya pande zote mbili. Shifta ya Shimano ya baiskeli za barabarani ya gia 10 ya zamani inaendesha vizuri dereila ya mlima ya gia 9, ingawa namba hazifanani. Lakini Tiagra 4700, seti ya Shimano ya baiskeli za barabarani ya mwaka 2015, ni ya gia 10, na haiendani na shifta za Tiagra 10 za kabla yake, ingawa namba zinafanana. Vipuri vya SRAM, kampuni nyingine, usichanganye na vya Shimano kwa kubahatisha. Kaseti ndiyo yenye unafuu: za Shimano za 8, 9 na 10 kwa kawaida hukaa kwenye kitovu kilekile cha gurudumu, ya 11 ya barabarani ndiyo inataka kitovu kirefu zaidi kwa milimita 1.85. Nimeyajua haya yote kwa goti langu. Yeye analipwa kuyajua.

Nilikuwa nimeshaamua kuandika nyota tatu, niseme bidhaa nzuri, huduma mbaya, yaishe. Halafu wiki iliyopita nikapita pale kununua tyubu, maana maduka mengine yalikuwa yamefungwa. Yuko kijana mdogo, sare ya shule, baiskeli ya gia 8, ameshikilia noti zake. Na boksi lilelile liko juu ya meza. "Zinaingiliana hizo, mdogo wangu."

Nikamwambia kijana asilipe. Nikamwandikia kwenye kiganja: shifta 2.8, zidisha 1.2, na nafasi anayotakiwa kuifikia ni 4.8. Akapiga hesabu palepale, akazikunja noti zake, akanifuata mpaka kwa mzee chini ya mwarobaini. Nimerudi kwenye nyota moja.