Gor Mahia au Ingwe (AFC Leopards), klabu hasimu za soka Kenya?

Kwa makombe, Gor iko mbele. Mwaka 1987, baada ya sare ya 2-2 kule Tunis dhidi ya Espérance, sare ya 1-1 uwanjani Kasarani, Nairobi, iliwapa, kwa mabao ya ugenini, Kombe la Washindi barani Afrika. Ndiyo maana mimi ni wa kijani, rangi ya Gor.

AFC Leopards ilianza 1964, miaka minne kabla ya Gor, na ikatwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mfululizo, 1982 hadi 1984. Baada ya kutwaa ligi ya 1998, ukame ukapita robo karne. Lakini kwa uvumilivu, shemeji zetu wa Ingwe wametushinda: juzi uwanjani Nyayo, mzee mwenye jezi ya buluu iliyopauka, kola imeshonwa upya, alipiga ngoma ya isukuti hadi filimbi ya mwisho, na walikuwa wamefungwa.