Niliagiza mchoro wa ngome ya Elmina, nikaletewa ya jirani

Sikuwa nimeukunjua wote nilipoona mizinga. Safu nzima ya mizinga myeusi imeelekezwa baharini, kando yake marundo ya matufe ya chuma, na nyuma ua wenye makaburi matatu. Nikajua nimeletewa sivyo. Hiyo ni ngome ya Cape Coast, jirani ya Elmina kwenye pwani ya Ghana, na makaburi hayo ni ya George Maclean aliyekuwa gavana, ya mkewe Letitia Landon, mshairi Mwingereza aliyefia humo 1838, na ya Philip Quaque, Mwafrika wa kwanza kupata ukasisi katika Kanisa la Anglikana. Lakini nyuma ya turubai, kwa kalamu ya wino, kumeandikwa Elmina.

Nieleze nilivyofika hapo. Mwaka juzi kazi ilinipeleka Accra, nikapata siku moja ya kwenda Elmina. Niliporudi Mombasa nikatafuta mtandaoni mchoraji wa hukohuko Ghana, maana sikutaka picha iliyochapwa kiwandani. Nikapata studio moja ndogo: akriliki juu ya turubai, sentimita 90 kwa 60, Sh16,000, usafiri juu yangu. Nikalipa.

Siku ileile nilipoukunjua mchoro niliwaandikia nikiwa na hasira kidogo, nikawatumia na picha. Walinijibu kesho yake, wakaomba radhi, wakasema michoro miwili ilibadilishana wakati wa kufunga. Waliahidi kunichorea mwingine bure ila nichangie nusu ya usafiri. Hapo sikupendezwa. Kosa lao, usafiri wangu? Nilikubali kwa shingo upande, lakini nikaweka sharti: nataka ngome ionekane kutoka kilima cha St. Jago kilicho mkabala nayo, si kutoka ufukweni.

Sharti hilo lina sababu. Ukiangalia michoro mingi ya ngome hizi inayouzwa mtandaoni, yote ni minazi, bahari ya buluu, kuta nyeupe pee na mapaa mekundu. Ukiondoa jina utadhani ni hoteli ya Diani. Mimi niliingia vyumba vya chini vya Elmina, walimofungiwa watumwa. Nilisimama kwenye ule ua wa wanawake, juu yake roshani ya gavana, ambako alikuwa akisimama kuchagua wa kupandishiwa chumbani kwake. Sasa nitundike hoteli ya ufukweni ukutani kwangu?

Kutoka kilimani mambo hubadilika. Pale juu ndipo Waholanzi walipopandisha mizinga yao 1637 wakaipiga ngome mpaka Wareno wakasalimu amri. Wareno walikuwa wameijenga tangu 1482, wakifuata dhahabu. Biashara ya watu ndiyo iliyokuja kuwa kubwa baadaye. Waholanzi nao wakaikalia hadi 1872, wakawaachia Waingereza. Ukiwa juu unaona ngome ilivyojikunja ndani ya kuta zake, handaki lililochimbwa upande wa nchi kavu, na mdomo wa mto Benya uliojaa mitumbwi ya wavuvi.

Mchoro wa pili ulichukua wiki saba. Ulistahili. Kuta si nyeupe pee: mchoraji ameacha chokaa ichuruzike rangi ya kutu chini ya madirisha, kama ukuta ulionyeshewa mvua miaka mingi. Madirisha yenyewe ni vidoa vyeusi, na kadiri jicho linavyoshuka vidoa vinapungua, mpaka chini kabisa ni ukuta mtupu. Mitumbwi ameipa bendera zake zote, njano, kijani, nyekundu, na kuna mtu mmoja anashona wavu akiwa ameipa ngome mgongo. Huyo mvuvi ndiye ninayempenda kuliko kitu chochote humo. Amezaliwa hapo, ana kazi zake.

Kasoro zipo. Bahari ameipaka haraka, karibu na pembe ya kulia unaona turubai ikichungulia. Na ule mwanya mwembamba waliopitishwa watu mmoja mmoja kwenda majahazini, unaoitwa Mlango wa Kutorudi, hauonekani kabisa. Nilikuwa na tamaa nao, lakini nadhani kwa ukubwa huu ungekuwa kama ukucha tu.

Ufungaji: bomba gumu la kadibodi, karatasi ya nailoni ndani, hakuna hata mkunjo. Ushuru wa forodha jiandae, mimi nililipa mara mbili. Fremu nilitengeneza kwa fundi wa hapa Majengo, akaivuta turubai kwenye mbao siku hiyohiyo.

Wageni? Wa Mombasa wote wanasema neno moja: "Ah, Fort Jesus!" Siwalaumu, wajenzi walikuwa Wareno walewale. Nawaambia hii ilikuwa imeshapita miaka mia moja Fort Jesus ilipoanza kujengwa 1593. Shemeji yangu wa Hoima, Uganda, ndiye aliyenishangaza. Nilimtajia kwamba Waingereza walimfungia Elmina Prempeh wa Kwanza, mfalme wa Waasante, 1896, kisha wakampeleka Sierra Leone, na 1900 wakamhamishia Ushelisheli, ambako wafalme Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda nao walikaa uhamishoni. Akaweka kikombe chini. "Kumbe Kabalega wetu alikaa na mtu aliyetoka humu?" Chai yake ilipoa.

Mama yeye hakutaka kusikia. "Mwanangu, nyumba ya mateso wataka kuniwekea mbele ya meza ya kulia?" Basi mchoro uko kwenye korido, karibu na mlango wa kutokea, na mwanga wa asubuhi unaupata vizuri kuliko sebuleni.

Nawapa nyota nne kwa mkono wa mchoraji na tatu kwa huduma. Ukiagiza, omba wakupigie picha mchoro uliokamilika kabla haujafungwa, na utaje mwenyewe upande unaoutaka. Ukinyamaza utaletewa minazi. Ule wa Cape Coast waliniambia nibaki nao. Bado uko ndani ya bomba lake, juu ya kabati.