Siku nne Gwaii Haanas, kwa Wahaida: uzoefu wangu

Tangu mwezi wa saba nasema ntaandika hii, leo ndo nimepata nafasi. Mimi naishi Vancouver, mwaka wa tisa huu, na kazini kila mtu ananiambia nenda milimani, nenda ukaone theluji, lakini mtu umezaliwa Pwani unataka bahari bwana, so nikaweka pesa kidogo kidogo zaidi ya mwaka mzima nikaenda Gwaii Haanas. Ni hifadhi ya taifa iko kusini mwa visiwa vya Haida Gwaii, kwa Wahaida, wenyeji wa asili wa huku British Columbia, Kanada. Barabara hakuna, hoteli hakuna, simu haishiki, unaingia kwa boti au kwa ndege ile ya kutua majini.

Mimi niliruka mpaka Sandspit halafu nikaingia na boti ya mpira, abiria kumi na kiongozi wetu. Kampuni sitaitaja lakini wajue walinikosea. Walisema gambuti na majaketi ya mvua ni juu yao, kufika pale gambuti langu ni namba mbili chini ya mguu wangu, nikaenda nalo hivyo hivyo siku nne vidole vimekunjika, na siku ya kwanza tulivyozuiliwa na upepo hakuna aliyetuambia kitu mpaka saa nane mchana. Upepo sina neno, bahari ni bahari. Kunyamaziwa ndo kuliniuma. Ukienda beba gambuti zako.

Sasa tuje kwenye hifadhi yenyewe, hapo natoa nyota tano bila kufikiria.

Hii hifadhi inaendeshwa na Wahaida wenyewe pamoja na serikali ya Kanada, kuna bodi ya pamoja, kila upande una wajumbe sawa na uamuzi unapitishwa kwa kukubaliana. Mkataba wao ni wa 1993 na kuna kitu ndani yake kilinishangaza sana: kuhusu ardhi ni ya nani hawakuafikiana, so maneno ya Wahaida yameandikwa upande mmoja na ya serikali upande wa pili, kisha chini wanasema haya tofauti yetu iko pale pale lakini mahali hapa tunapatunza pamoja. Na hawakupewa kirahisi. 1985 kampuni za mbao zilikuwa zinakata miti mikubwa ya kisiwa cha Athlii Gwaii, Wahaida wakakaa barabarani, wakakamatwa 72, na wazee ndo waliotangulia kukamatwa. Huko huko kisiwani, Windy Bay, kuna nguzo ya mwerezi ya futi 42 ilisimamishwa Agosti 2013, aliyeichonga ni Jaalen Edenshaw, na katikati amechonga watu wamesimama pamoja, ukiangalia chini miguuni wamevaa gambuti. Ni wale wa barabarani. Nilisimama pale na mvua inanipiga, koo limenikaba.

Vijiji vya zamani vina walinzi, Wahaida wanaokuja kuishi pale msimu wote wa kiangazi, na hushuki mpaka umewaita kwenye redio, chaneli 6, wakwambie njoo. Juu ya watu 12 kwa wakati mmoja hawaruhusu. Sisi kwenye kijiji cha SG̱ang Gwaay tulikuta kundi lingine liko ndani, tukangoja kwenye boti karibu saa nzima na hakuna aliyelalamika. Mimi kwetu ni Rabai, najua kaya, ule msitu wetu mtakatifu, haiingiwi bila mzee, so kwangu ilikuwa kama nyumbani.

Alitupokea mama mmoja mtu mzima, akatupeana mkono mmoja mmoja, akauliza kila mtu ametoka wapi na kwao ni wapi, hayo ni maswali mawili. Nikamwambia Kenya, pwani. Akaniuliza samaki gani tunavua, tukaongea changu na tafi mpaka wenzangu wakatangulia. Njia imepangwa makombe meupe ya baharini kushoto na kulia, unapita katikati, hukanyagi nje, maana hapo kando, kwenye ukoga wa kijani unaofunika ardhi, kuna mashimo ya nyumba za watu, na watu wenyewe wamelala pale. Ndui ilipita 1862 ikamaliza vijiji, Wahaida wote wakaja kubaki kama 600.

Nguzo zao za kuchongwa pale kijijini zinaoza. Niseme ukweli, swali la kwanza lililonijia ni mbona hawajengi paa. Mama akasema hizi ni nguzo za makaburi, zikianguka zinarudi udongoni, ndivyo waliozisimamisha walivyotaka. Akanionyesha moja imeegemea, juu kwenye ufa umeota mti mchanga wa msprusi, mizizi imeshuka ndani ya nguzo kama vidole. Hakuna mtu atakayeung'oa.

Lakini msidhani kutunza kwao ni kuacha tu. Kulungu waliletwa na wageni zamani wakazaana, wanakula miche ya mierezi mpaka chini msituni kukawa kweupe, panya nao waliingia na meli wakawa wanakula mayai ya ndege wa baharini wanaotaga kwenye mashimo. Kwenye visiwa kadhaa wamewaondoa panya, na kulungu wamewawinda, so kabla ya kutua unatakiwa ukague mizigo yako usije ukashusha panya. Kagueni mabegi vizuri jamani, hilo ndo jukumu letu wageni.

Chemchemi ya maji moto ya Hotspring Island ilikauka baada ya tetemeko la Oktoba 2012, maji yakarudi polepole. Unaoga kwanza bafuni kabla hujaingia. Nilikaa mle mpaka vidole vyangu vikanyooka.

Bei ni kubwa, sifichi, na bukuni mapema. Siku ya kuondoka tuliokota kamba za nyavu na chupa ufukweni tukajaza magunia matatu, mlinzi akatusaidia kupakia akasema háw'aa, yaani asante kwao. Nikamjibu asante kwa Kiswahili, akairudia mara mbili apate kuishika, akasukuma boti.