Piesi (vipuri) za gari la mazuti Lubumbashi: ununue wapi kwanza, wapi mwisho

Prado, Hilux, Hiace au Land Cruiser la mazuti (dizeli) likifika Lubumbashi limeshazunguka dunia. Lilitumika Japani au Ulaya, likashuka bandarini Dar es Salaam au Durban, likapanda hadi Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na njiani huenda lilikwishapata mwenyewe mwingine Zambia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza duka, jua una gari gani. "Prado ya 2003" haimwambii muuzaji kitu. Fungua boneti usome kibati: KZJ95 ilitoka kiwandani na moteri ya 1KZ-TE, KDJ120 na 1KD-FTV, HZJ79 na 1HZ ya cc 4,164 ambayo mafundi wa migodini wanaijua gizani. Soma pia namba iliyopigwa kwenye bloku yenyewe, maana magari mengi yamebadilishwa moteri na kibati kikabaki kilekile. Zipige picha zote mbili ukae nazo kwenye simu.

Piesi nayo ina namba yake. Ya Toyota ina nafasi kumi, tano kisha kistari kisha tano, na zile tano za mwanzo zinataja aina ya kitu: 90915 ni chujio la oili, 13568 ni mkanda wa taimingi, 11115 ni gasketi ya kulasi (kichwa cha silinda), 04111 ni seti nzima ya gasketi, 23390 ni chujio la mazuti. Muuzaji anayekwambia "hii inaingia Prado zote" anabahatisha, tena kwa pesa yako.

Wauzaji nawapanga kwa swali moja: piesi hii ikifa, itaua nini kingine? Taa ya nyuma ikipasuka umepoteza taa. Mkanda wa taimingi ukikatika kwenye moteri ya mazuti, pistoni zinagonga valvu na kulasi lazima ishuke. Ndiyo maana duka zuri kwa piesi moja linaweza kuwa duka baya kwa nyingine, na mtu anayenunua kila kitu kwa rafiki yake mmoja mjini hulipa kwa njia mbili: huku zaidi ya inavyostahili, kule piesi isiyofaa.

1. Sanduku la mtengenezaji

Toyota haitengenezi kila kitu yenyewe. Pompi za mazuti na enjekta za magari haya nyingi ni za Denso, pompi ya maji na klachi mara nyingi ni Aisin, beringi ni Koyo, NTN au NSK. Kitu hichohicho kinauzwa ndani ya sanduku lenye jina la Toyota, na pia ndani ya sanduku la aliyekitengeneza, kwa bei ya chini. Hapa ndipo ninapoanza kwa mkanda wa taimingi pamoja na tensiona yake, beringi, pompi ya maji, bugi za kupasha moteri, pedi za breki na machujio. Tafuta kwenye maduka ya mjini yanayozoea kuhudumia kampuni za migodi. Wanajua namba, na kama hawana kitu wanaagiza.

Chujio la hewa ulilinde kuliko yote. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua karibu hakuna, na vumbi jekundu la barabara linaingia popote penye mwanya. Chukua chujio ulishike mbele ya jua: karatasi iwe na mikunjo iliyopangwa sawa, isionyeshe tundu hata moja, na raba ya pembeni ibonyee na kurudi. Raba ngumu haizibi, na vumbi litakalopita pale litakula mapanga ya turbo kwanza, halafu ringi. Nimeona chujio jipya, safi kwa macho, ambalo kingo zake zilikuwa fupi milimita chache tu. Ndani ya boksi lake vumbi lilikuwa limechora njia ya kuingia.

Mwenye 1KD-FTV asome hapa mara mbili. Chini ya kila enjekta kuna washa, yaani pete ndogo bapa ya shaba. Ikivuja, moshi wa ndani ya silinda unapanda na masizi yanaingia kwenye oili. Oili inageuka lami, lami inaziba wavu wa pompi ya oili chini ya karta (bakuli la oili), na moteri inakaangika huku kipimo cha oili kikionyesha imejaa. Enjekta zikitolewa kwa sababu yoyote, washa zile hazirudishwi. Zinanunuliwa mpya, za orijino. Hakuna piesi ya bei ndogo namna hii inayoweza kuua moteri kubwa namna ile.

2. Okazyo (piesi iliyokwishatumika), kwa chuma kizito tu

Wengi watabisha hapa, lakini nasimama palepale: okazyo ya orijino inashinda kopi mpya (ya kuiga) kwa kila kitu kilichotengenezwa kwa chuma kikubwa. Bloku, giaboksi, difu, staata, altaneta, krenki. Giaboksi la Aisin lililotembea miaka kumi kwenye lami ya Japani bado lina chuma kizuri kuliko gia mpya zisizojulikana zilikochongwa. Mizigo mingi ya aina hii huja kutoka Japani au kupitia Dubai na Sharjah.

Moteri ya okazyo ijaribiwe mbele yako, ikiwa baridi. Weka mkono kwenye bloku kabla haijawashwa. Kama ni ya moto, walikwishaiwasha ili ikudanganye. Baada ya hapo ondoa kifuniko cha oili ikiwa inanguruma: mvuke mwepesi si neno, lakini ikipumua kwa nguvu na kurusha oili, ringi zimekwisha. Moteri ya komoni reli (inayopuliza mazuti kwa kompyuta, kama 1KD-FTV) inunuliwe pamoja na kompyuta yake, nyaya na pedali ya mafuta, la sivyo utalipa mara ya pili kutafuta vilivyokatwa kwa shoka.

Kulasi ya 1KZ-TE ni hadithi yake. Ni ya alumini, na ikiwahi kuchemka hupasuka katikati ya valvu. Kulasi ya okazyo isiyopimwa kwa presha ya maji usiibebe hata ukipewa nusu bei. Mwenye duka anayekataa ipelekwe kwa fundi wa mashine kabla ya malipo amekwisha kujibu swali lako.

Vya raba, vya karatasi na vya breki usivinunue okazyo. Enjekta za komoni reli pia: zinafanya kazi kwa presha inayopita bar 1,000, na nyingi zina msimbo wa kila moja ambao huingizwa kwenye kompyuta ya gari.

3. Agenti rasmi

Nimemweka wa tatu kwa sababu ya bei na kungoja, lakini kuna kazi mbili ambazo yeye ni wa kwanza. Ya kwanza ni gasketi ya kulasi. Moteri za mazuti zina gasketi za unene tofauti, na alama zake, vikato au matundu madogo, ziko pembeni. Unene unachaguliwa baada ya kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Fundi anayesema "leta tu ya kawaida" hajapima. Ukiweka nyembamba kupita kiasi pistoni zinakaribia valvu, ukiweka nene kompresheni inashuka, halafu asubuhi za Juni na Julai, Lubumbashi ikiwa na baridi yake, gari litakohoa na kutoa moshi mweupe na utalaumu bugi. Boliti za kulasi zinazokazwa kwa nyuzi (digrii) nazo hurefuka. Zipimwe au ziwe mpya.

Kazi ya pili ni kitu chochote ambacho namba yake imekuchanganya. Agenti akiingiza namba ya fremu, namba sahihi ya piesi inatoka. Hata usiponunua kwake, namba hiyo ina thamani.

4. Ng'ambo ya Kasumbalesa

Mpaka uko kilomita 90 hivi kutoka mjini, na miji ya Copperbelt ya Zambia kama Kitwe na Ndola inaishi kwa migodi kama sisi, kwa hiyo piesi za Land Cruiser la 1HZ, beringi na haidroliki si shida kule. Bei ya dukani Kitwe inavutia. Ongeza usafiri, ushuru wa DGDA (forodha ya Kongo) na siku ulizopoteza, kisha ulinganishe tena. Kwa chujio moja haifai. Kwa moteri, au kwa watu watatu wanaoagiza pamoja, inaweza kufaa. Dar es Salaam, Kariakoo na Gerezani, hesabu ni hiyohiyo, ila safari ni ndefu zaidi.

Kitu kimoja kinasahaulika sana. Zambia, Tanzania na Japani wanaendesha kushoto, sisi kulia. Usukani, masta ya breki na mitambo ya waipa vinaweza kutofautiana, na taa za mbele zinatofautiana kabisa: taa ya gari la kushoto, ukiishusha, inainua mwanga upande wa kushoto, na kwetu huko ndiko anakotokea mwenzako. Mnayepishana naye usiku barabara ya Likasi anapofuka kwa sekunde kadhaa. Taa za mbele nunua za magari yanayoendeshwa kulia, kama yale ya Ulaya bara au Dubai.

5. Kopi mpya

Inafaa kwa vioo vya pembeni, bampa, taa za nyuma, mikono ya milango, mazulia. Basi.

6. Komisionere wa barabarani

Kijana anayekukimbilia na sanduku mkononi, "Papa, hii ni orijino ya kweli, beba tu", anaweza kuwa mkweli. Shida ni kwamba kesho hana duka la kurudishia. Tumia miguu yake kutafuta kitu adimu, umlipe kazi yake, lakini ununue kaunta, kwa risiti iliyoandikwa namba ya piesi na siku za kurudisha. Na noti zako za dola ziwe nzima: iliyochanika kidogo tu pembeni itakataliwa, kisha hiyohiyo utarudishiwa kama chenji usipoangalia.

Kabla ya kununua pompi ya mazuti

Pompi ndiyo inayouzwa bure kuliko piesi yoyote, namaanisha inabadilishwa bila kuwa mbovu. Gari linawaka kwa shida asubuhi, linazimika likiwa silensi (moteri ikizunguka polepole), fundi anasema pompi. Kwenye pompi za zamani za kuzunguka, kama za 1HZ na 5L, mara nyingi ni hewa. Unganisha kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya chujio na pompi, uwashe, uangalie. Mapovu yakipita, tafuta mpira uliopasuka au klipu iliyolegea. Kwenye 1KD, badilisha chujio kwanza, fungua kikombe cha chini utoe maji, hasa kama unanunua mazuti ya bidoni kwa kadafi (muuza mafuta wa barabarani), kisha uchunguze SCV, ile valvu ndogo iliyo kwenye pompi inayopima mazuti yanayoingia. Inauzwa peke yake, na ikichoka inaleta dalili zilezile.

Ikiwa ni pompi kweli, chagua fundi mwenye banki ya majaribio (mashine ya kupimia pompi), si mwenye spana nzuri. Pompi ya kuzunguka hufunguliwa, ikawekwa sili mpya na kupimwa upya, na kwa moteri yenye afya hilo ni bora kuliko kununua okazyo usiyojua ilikunywa mazuti gani. Ya komoni reli ni tofauti. Nafasi kati ya vyuma vyake ni mikroni chache, na garaji lenye vumbi mezani haliwezi kuifungua na kuifunga salama. Ipelekwe kwa mwenye chumba safi, au inunuliwe mpya.

Enjekta za zamani unaweza kusimama mwenyewe zikipimwa kwa pompi ya mkono. Nzima inatoa ukungu mwembamba uliosambaa sawa, na mlio wa kukwaruza. Mbovu inatema mshale upande mmoja, au inabaki na tone kwenye ncha. Mkono wako ukae mbali: mazuti ya presha ile yanapenya ngozi, na kidonda chake ni cha hospitali.

Pompi yako ya zamani usiiache garaji kwa sababu ni chafu. Mafundi wa pompi huzinunua kwa ajili ya bodi na shafti, kwa hiyo iingize kwenye mapatano ya bei kabla hujatoa pesa.