Kabla ya kupanda ndege KIA: ule wapi, ubebe nini

Ukiwa na safari ya ndege kutoka KIA, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro, chakula kizuri kiko barabarani, kabla hujakata kona ya njia panda ya kuingia uwanjani. Uwanja uko kati ya Arusha na Moshi, kilomita hamsini hivi kutoka Arusha mjini, na njia nzima ina wapishi wanaojua kazi yao. Ukishaingia uwanjani, vya kuchagua ni vichache na bei ni ya uwanjani.

Nafasi ya kwanza naipa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, wa Boma Ng'ombe, kwa anayetokea Moshi. Bakuli moja la moto, ndizi zimepondwa zikalainika, nyama imeiva mpaka inaachia mfupa, na chapati ya kusindikizia. Unashiba na tumbo linabaki limetulia. Hilo la tumbo si dogo: ndege ikipaa, mgandamizo wa hewa ndani yake hupungua na gesi iliyo tumboni hutanuka. Maharage, kabichi na soda utavijutia huko juu. Tena mtori huwezi kuubeba. Kwa safari za nje, kimiminika kinachozidi mililita 100 hakipiti ukaguzi kwenye begi la mkononi, na vyakula vya ujiuji huhesabiwa humohumo, kama asali. Basi ule hukohuko. Anayetokea Arusha apate supu na chapati Tengeru au Usa River. Mwambie mama lishe mapema kwamba una ndege, akupakulie kilichokwisha kuiva. Chipsi mayai ndiyo kwanza viazi vinamenywa? Achana nayo.

Nafasi ya pili ni chakula cha nyumbani, na kwa mwenye watoto mimi ningekipa ya kwanza. Chapati za kukunja, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, karanga. Fungasha kwenye kontena lenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Tanzania Juni 2019, na kontena halitapaka begi mafuta. Ukiwa na sambusa za nyama na unakwenda Ulaya, zimalize kabla ya kutua, kwani nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kuingia na nyama wala maziwa kutoka huku kwetu.

Ya tatu ni mgahawa wa uwanjani. Kabidhi mizigo kwanza, ndipo ukae. Agiza kilicho tayari, chai au kahawa na kitafunwa, usiagize cha kupikwa upya huku saa inakimbia.

Ya mwisho ni kutegemea utakachopewa ndani ya ndege. Kwa safari fupi kama ya Dar, usitarajie zaidi ya kinywaji na kitafunwa kidogo. Mgonjwa wa kisukari au mama mjamzito asithubutu kupanda na njaa kwa tumaini hilo.

Wanaopandia ndege Kisongo, uwanja mdogo wa Arusha, hesabu yao ni tofauti. Ndege nyingi za pale kwenda Serengeti ni ndogo, hazina choo, na huyumba jua likishapanda. Kula mkate au chapati kavu na ndizi saa moja kabla, mafuta mengi uyaache. Chai iwe kikombe kimoja, na upite msalani kabla hujaitwa.