Nimemlipa mkaguzi wa nyumba mara mbili, nikinunua na nikiuza: uzoefu wangu

Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa umepakwa rangi juzijuzi, harufu bado haijaisha. Mimi niliona usafi. Mkaguzi aliona sababu ya kuinama. Alianza kugonga kwa kifundo cha kidole usawa wa bega, akashuka taratibu, na karibu na sakafu mlio ukabadilika, kama lipu imeachana na tofali. Akabandika kifaa chake cha kupimia unyevu, kikaanza kulia.

"Mama, nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

Sikujua. Nyumba ile nilikuwa nimeitembelea mara tatu, nimesimama sebuleni nikapanga makochi kichwani, na upande ule sikuwahi kuuzungukia hata siku moja.

Kulikuwa na bustani. Mwenye nyumba alipenda maua, akawa anajaza udongo ukutani mwaka hadi mwaka, mpaka udongo ukapita ile karatasi nyeusi ambayo mafundi huilaza juu ya msingi kabla ya kupandisha tofali, kazi yake kuzuia unyevu usipande. Karatasi hiyo inatakiwa iwe juu ya ardhi kwa kama sentimita 15. Hapa ilikuwa imezikwa, na ukuta ulikuwa unanyonya maji kama utambi. Mimi nilishaanza kuwaza msingi mpya na kiwanja kizima kuchimbuliwa. Yeye akasema: koleo. Ondoa udongo, bandua lipu iliyooza, acha ukuta ukauke miezi kadhaa, usiwe na haraka, ndipo upige lipu upya.

Nasimulia hili kwanza kwa sababu watu wengi wanadhani mkaguzi anakuja kuipa nyumba alama, imefaulu au imefeli. Hafanyi hivyo. Tatizo lililonitisha alilifanya dogo, na nusu saa baadaye akalikuza lingine ambalo mimi nisingelitazama mara mbili.

Hilo la pili lilikuwa ndani ya boksi la breka. Alifungua kifuniko, akanyamaza, akaniita nisogee lakini nisiguse. Waya wa soketi ulikuwa wa milimita za mraba 2.5, ambao kwa kawaida hulindwa na breka ya ampia 20. Umefungiwa breka ya 40. Maelezo yake yalikuwa mafupi: breka ndogo ilikuwa inakatika kila mara, mtu akachoka kuirudisha, akaweka kubwa. Sasa haikatiki. Waya utachemka ndani ya ukuta na breka haitakuwa na habari. Halafu akakigeukia kile kifaa kinachokata umeme ukivuja, ambacho katika nyumba nyingi hukata kwenye miliampia 30. Kina kitufe cha kujaribia. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Taa zote zikaendelea kuwaka kama hakuna kilichotokea, na mwenye nyumba akakiri hajawahi kukigusa tangu ahamie.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Nyumba yetu ya kwanza tuliinunua kwa macho yetu na mdomo wa dalali. Dari lilikuwa jipya, jeupe, na mimi nikalihesabu kuwa ni sifa. Mvua ya kwanza kubwa ikatuonyesha kwa nini lilikuwa jipya. Tuliuziwa mbuzi kwenye gunia, na cha kuudhi ni kwamba gunia lenyewe tulilisifia. Benki ilikuwa imemleta mthamini, nasi tukalala usingizi tukijua "mtaalamu ameshaangalia". Mthamini anakuja kuilinda pesa ya benki, anataka kujua nyumba ikiuzwa itarudisha mkopo au hairudishi. Kupanda darini na tochi wala hakukuwa kwenye kazi aliyotumwa.

Kwa hiyo mara ya pili nilimtafuta mkaguzi mwenyewe. Dalali alinipa jina la mtu wake, nikashukuru nikaliweka pembeni. Sisemi mtu wake ni mbaya, ila anayeletewa kazi na dalali kila wiki anajua dalali anataka biashara ipite. Kitu kingine nilichomuuliza yule niliyempata ni kama yeye pia hufanya matengenezo. Akasema hapana, na hata fundi wa kunielekeza hana. Nikaona huyu ndiye, kwa sababu anayekuonyesha ufa na papo hapo anakuuzia saruji, huwezi kujua amekuja kukagua au kutafuta kibarua.

Alikaa saa tatu na zaidi. Ushauri wangu mkubwa kwa anayesoma hapa: tembea naye. Usikae garini ukisubiri ripoti. Yangu ilikuja siku mbili baadaye, kurasa 46, na kusema kweli ndiyo iliyomnyima nyota ya tano. Kurasa nane za mwanzo ni za kujikinga: hatukufungua hiki, hatuwajibiki kwa kile. Bomba la bafuni lenye mguu uliolegea limepewa picha mbili na mshale mwekundu, wakati suala la breka nimelikuta ukurasa wa 31, kwa maandishi yaleyale na ukubwa uleule. Kama ningekuwa nimekaa garini, ningeamini mguu wa bomba ndio hatari.

Nilichojifunza kwa kumfuata hakiko kwenye karatasi yoyote. Alifunga bomba zote za ndani, akatupeleka kwenye mita ya maji tukasimama kuitazama. Mshale ukizunguka wakati hakuna anayetumia maji, kuna bomba linavuja mahali usipopaona. Yetu ilitulia. Darini alichoma kwa ncha ya bisibisi mbao za kenchi, sehemu zenye giza tu, kutafuta ulaini. Aliniambia mbao yenye unyevu unaozidi asilimia 20 kwa muda mrefu inakaribisha kuoza.

Na nyufa. Tumelelewa na methali ya kuziba ufa kabla hatujajenga ukuta, na nadhani imewagharimu watu. Alinionyesha nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu, akazipita bila kusimama. Alisimama kwenye mmoja tu, unaotoka kona ya dirisha kupanda kwa ngazi ukifuata maungio ya tofali, juu mpana kuliko chini. Mtu alikuwa ameshauziba mara moja, na ufa ukafunguka tena palepale. Ungezidi milimita 5, alisema, angeniambia nimwite mhandisi kabla ya kusaini chochote. Ulikuwa kama 2. Akatoa penseli, akachora mstari mfupi kwenye kila ncha ya ufa, akaandika tarehe. "Usiuzibe. Ukiuziba hutajua kama unatembea."

Kuna asiyoyaona, na ni vizuri uyajue kabla ya kulipa. Habomoi. Ile kamera yake ya joto haipenyi ukuta kama watu wanavyodhani, inasoma joto la uso wa ukuta tu, kisha yeye anakisia kilichoko nyuma. Mabomba ya maji taka chini ya ardhi hayakuwemo, hayo huingiziwa kamera na mtu mwingine kwa malipo mengine. Mchwa pia: akiona vichuguu vya udongo ukutani atakuambia, ila ukaguzi kamili wa wadudu ni kazi nyingine.

Tulipokaa mezani na muuzaji sikudai aturekebishie. Mtu anayehama anatengeneza kwa bei rahisi kuliko zote, na bustani ile angeiondoa nusu. Tuliomba bei ishuke, tukafanya wenyewe. Aliguna, akasoma ukurasa wa 31, akakubali. Nadhani picha ya ile breka ilimtisha hata yeye, alikuwa amelala juu ya ule waya miaka yote hiyo.

Kisha ikaja zamu yetu ya kuuza ile ya kwanza. Mume wangu alisema kulipa mtu aje akutafutie aibu nyumbani kwako mwenyewe ni wendawazimu. Nikamwita mkaguzi yuleyule. Akakuta feni ya bafuni inapuliza mvuke darini badala ya kuutoa nje, na mbao za juu yake zimeota kuvu jeusi. Sisi tuliokuwa tunajua kila kovu la lile dari hilo hatukulijua. Tukarefusha bomba la feni mpaka nje, tukasafisha, tukabadilisha mbao mbili, risiti tukaziweka kwenye faili pamoja na ripoti.

Hapa kuna gharama ya kufikiria. Ukishajua huwezi kujifanya hukujua, na sehemu nyingi sheria inakutaka umwambie mnunuzi kasoro unayoifahamu. Kwangu lilikuwa afadhali. Mnunuzi alikuja na mkaguzi wake, akapanda darini, akashuka na mambo mawili madogo, na bei haikuguswa. Jirani yetu aliyeuza mwaka uleule bila ukaguzi alikuwa ameshaweka oda ya nyumba nyingine wakati mkaguzi wa mnunuzi alipokuta tatizo kwenye paa. Ilibaki wiki moja. Alishusha bei kwa kiasi ambacho kingebadilisha paa zima na kubaki.

Nyota nne basi, na nitamwita tena. Ripoti aipunguze nusu.

Mistari yake ya penseli bado iko pale juu ya dirisha, ufa haujaivuka. Mwezi uliopita mume wangu alileta rangi ya chumba kile. Nimemwambia aanze na koridoni.