Kayabo ya Mwaloni Kirumba: chumvi imefika mpaka ndani

Kayabo, yaani sangara aliyekaushwa kwa chumvi, huijui uzuri wake kwa chumvi iliyoganda juu. Igeuze, ibonyeze karibu na mgongo, kisha inuse. Ya mama huyu muuzaji wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, ni ngumu sawasawa kotekote, na haina uvundo. Namsifu kwa kisu chake kuliko kwa chumvi yake: sangara anampasua, anatoa uti, kisha anachanja minofu kwa mistari ya karibukaribu ndipo anaitia chumvi.

Nafundisha baiolojia sekondari, na michanjo hiyo inanifurahisha mno. Sangara akiwa hai, damu yake ina chumvi kuliko ziwa, kwa hiyo maji humwingia muda wote kupitia matamvua, naye huyatoa kwa mkojo mwingi. Akishafukiwa kwenye chumvi mambo yanageuka. Maji yanazitoka seli kupitia utando wake, na ndiyo hayo yanayochuruzika chini ya samaki. Hata bakteria wananyang'anywa maji, wanashindwa kuzaana. Chumvi nayo inaingia, kutoka ilipo nyingi kwenda ilipo haba, bila kusukumwa na mtu. Chembe zinatangatanga zenyewe. Kuvuka seli moja ni kufumba na kufumbua, lakini kwenye mnofu ni mwendo wa kinyonga: unene ukiongezeka mara mbili, muda unakaribia mara nne. Pande nene lisilochanjwa linaweza kukauka juu huku katikati linaoza. Niliwahi kuuziwa la hivyo soko jingine, nikalitupa lote.

Bei yake iko juu kidogo ya wenzake na hapunguzi. Nalipa.

Anafundisha pia mapishi: "Mwalimu, loweka, halafu ubadilishe maji, usiyaache yaleyale." Yuko sahihi kabisa. Maji yakishakolea chumvi sawa na samaki, inayotoka na inayorudi zinalingana, hata ukiloweka mpaka kesho hupati nafuu. Ya uvuguvugu yanaharakisha, maana joto linaongeza kasi ya chembe.

Kasoro ni gazeti analofungia. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na msimu wa mvua kayabo inafika nyumbani imelowa. Nenda na chombo chenye mfuniko. Tena wahi asubuhi. Wanaopakia mzigo wa Kongo wakishapita, vinabaki vipande vya mkia, vyembamba na vyenye chumvi kali kuliko vyote.